Laki Tatu za Nani?

Orodha yangu ya video bora za 2024 imechelewa miezi minne. Uvivu upo, sikatai, lakini kilichonifanya niikalie ni ujumbe wa sauti wa dakika tatu kutoka kwa mteja wangu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado namdai. Anasema: "Kaka, mbona unajitesa? Panga kwa namba, yaishe. Ile ya kwetu ya Iddi ilifika laki tatu. Hiyo ndiyo video bora, nyingine porojo."

Nahariri video kwa kazi, mwaka wa kumi na moja sasa, ndani ya chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam, chenye feni inayopiga kelele kuliko jenereta ya jirani. Kauli hiyo nimeisikia kwa wateja, nimeisikia kwa vijana wanaokuja kujifunza, na mwaka jana nimeisikia kwa shemeji yangu msibani. Msibani! Tunasubiri maiti itoke hospitali, yeye ananionesha simu: "Shem, huyu jamaa ana milioni nne, wewe video zako zina ngapi?"

Sawa. Tuongee.

Laki tatu za nani? Hilo ndilo swali, na hakuna anayeuliza. Watu wanadhani ile namba chini ya video ni watu laki tatu waliokaa, wakatazama, wakapenda. Ile namba ni idadi ya mara ambazo mtambo uliamua kuhesabu, na kila mtambo una sheria yake, na sheria zinabadilika ukiwa umelala. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube inahesabu Shorts, zile video zake fupi, pindi tu inapoanza kucheza. Umepitisha kidole, imeanza, umeondoka kabla hujajua kama ni mpira au mapishi: moja. Umeiacha inacheza ukaenda kugeuza chapati, ikajirudia yenyewe: mbili, tatu, nne. Chapati ikiungua, saba.

Zamani ilibidi mtu akae sekunde kadhaa kwanza. Hesabu ile haijafutwa, imehamishiwa jikoni, kwenye takwimu anazoziona mwenye chaneli peke yake, na malipo yanaendelea kupigwa kwa hesabu hiyo hiyo. Hapo ndipo huwa nataka kumshika mtu mabega: wenye hela zao hawatumii namba mpya kutolea hela. Wewe unaitumia kuamua kipi ni bora.

Wala si mara ya kwanza. Mwaka 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa kama miaka miwili ilikuwa ikiwapa watangazaji wastani wa muda wa kutazama uliotiwa chumvi. Waliokimbia kabla ya sekunde 3 hawakuingizwa kwenye kugawanya, kwa hiyo wastani ukanenepa, pengine kwa asilimia 60 hadi 80. Kuna watu wa matangazo waliojenga mipango yao ya mwaka mzima juu ya unene ule.

Video iliyotazamwa kuliko zote YouTube ni ya watoto, ile ya papa mdogo kutoka Korea Kusini. Januari 2022 ikawa ya kwanza kuvuka bilioni 10. Kama namba ndiyo ubora, basi mjadala umefungwa, tukalale. Muulize mzazi yeyote mwenye mtoto wa miaka miwili kama bilioni 10 hizo ni za watu au ni za mtoto wake mmoja na simu yake. Na ukitaka upande wa pili, ikumbuke video ya YouTube wenyewe ya kufunga mwaka 2018. Ilitazamwa kweli kweli, na ndani ya wiki moja ikawa video iliyopigwa dole gumba la chini kuliko zote. Aliyeingia kutukana alihesabiwa sawasawa na aliyeingia kupenda. Novemba 2021 wakaficha hesabu ya dole la chini, kwa hiyo siku hizi hata kipimo hicho hatunacho.

Tom Scott, yule Mwingereza wa YouTube, aliwahi kulifanyia jambo hili mzaha mzuri kuliko hasira zangu zote. Mwaka 2020 alitengeneza video ambayo jina lake ndiyo namba yake ya kutazamwa. Aliandika programu inayokwenda kusoma namba, inarudi kubadilisha jina, halafu ndani ya video yenyewe anakueleza kwamba siku moja mfumo huo utavunjika, kama inavyovunjika mifumo yote ya namna hiyo.

Na sisi huku tuna tatizo la kinyume, ambalo wanaoandika kutoka London hawalijui: namba inazidi kwa wengine, kwetu inapungua. Juni 2024 nilisimama kijiwe cha bodaboda Shekilango kununua sigara. (Nimeacha. Karibu.) Wanaume saba wameinamia simu moja yenye kioo kilichopasuka, bando la mmoja wao. Wanamtazama msichana wa Kenya anaeleza muswada wa fedha: kodi ya asilimia 16 kwenye mkate, ya asilimia 2.5 kwa mwaka kwenye gari. Anahesabu kwa vidole. Mmoja akasema, "Rudisha hapo kwenye gari, na pikipiki imo?" Wakarudisha. Walitazama mara tatu, vichwa saba. Mtambo ukaandika moja, labda tatu kama ulikuwa na huruma. Jioni nikaipokea video ile ile WhatsApp, kwenye makundi manne, na alama ya mishale miwili ya kuonesha imesambazwa mara nyingi. Jina la mwenyewe limekatwa. Kwenye ukurasa wake, hakuna hata moja ya hizo za WhatsApp iliyohesabiwa.

Basi hiyo ndiyo nafasi ya kwanza kwenye orodha yangu, na siwezi kuiwekea jina: video za vijana wa Kenya za Juni 2024. Waliuchukua muswada ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili wakautoa kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani kwao, dakika moja au mbili kwa kila kifungu. Tarehe 18 Juni kodi ya mkate ikaondolewa. Tarehe 25 watu wakaingia bungeni na wengine wakauawa mitaani, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Sisemi video zilifanya yote hayo. Nasema kama mhariri: sijaona mwaka huo maelezo yaliyokatwa vizuri kuliko yale. Hakuna muziki, hakuna maandishi yanayorukaruka. Neno gumu, mfano wa dukani, neno linalofuata. Mimi ningelipwa kuzihariri ningeziharibu.

Nafasi ya pili, Jenny Nicholson, Mmarekani. Mei 2024 alitoa video ya zaidi ya masaa manne kuhusu hoteli ya Disney iliyojengwa Florida kwa mtindo wa chombo cha angani cha Star Wars. Ilifunguliwa Machi 2022 ikafungwa Septemba 2023. Alilipa kama dola 6,000 kwa usiku mbili. Vijana wanaokuja kwangu wanakariri kwamba "watu hawana subira, zaidi ya dakika moja umewapoteza". Huyu dada amekaa kwenye kiti, chumbani kwake, anaongea masaa manne, na mamilioni wamekwenda naye. Sitaki mnisimange kwamba nami nimetaja mamilioni. Nataka muone anavyofanya.

Chukua sehemu ya chakula cha jioni. Kuna onesho la muziki ukumbini, na meza aliyopangiwa iko nyuma ya nguzo. Hasemi tu "kulikuwa na nguzo". Anakuwekea picha alizopiga mwenyewe kutoka kwenye kiti chake: nguzo. Mwimbaji yuko mahali fulani nyuma yake. Anaacha picha ikae. Wewe mtazamaji unaanza kuinamisha shingo kushoto kama mjinga, umelala kitandani kwako Sinza. Hadi hapo umeshasikia bei, umeshaijua ratiba, umeshajua alivyokuwa na hamu, kwa hiyo nguzo ile inabeba dola 6,000 zote. Ungeikata ukaitoa kama klipu ya sekunde 40 ingebaki kuwa mtu anayelalamika kuhusu nguzo.

Nafasi ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Tony Zhou na Taylor Ramos, wa Every Frame a Painting, chaneli ya kuchambua filamu, walirudi 2024 baada ya miaka mingi ya kimya. Kwa wahariri wa rika langu hao ni walimu wa madrasa: video zao za 2014 hadi 2016 ndizo zilizotufundisha kwamba kukata ni kufikiri. Mwaka jana wakarudi na somo kuhusu picha ya watu wawili ndani ya fremu moja, kamera haikati, waigizaji wanaachiwa wafanye kazi. Somo zima ni kuhusu kutokukata, na wanaolitoa ni wahariri.

Lakini sikiliza hili. Walipofunga chaneli, 2017, walieleza wazi kwamba karibu kila kitu kwenye mtindo wao, yaani urefu wa vipande, sauti yao inavyosokotwa na sauti ya filamu, kupindua picha, hata mwendo wa video nzima, kilitokana na kuuchunguza mtambo wa YouTube wa kukamata hakimiliki na kutafuta njia ya kuupita. Ule mdundo tuliousifia miaka yote, tulioiga bila aibu, nusu yake ulikuwa ni watu wanaokwepa askari. Niliposoma hayo nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kwa sababu mimi nakata kwa kumwogopa nani?

Nakata kwa kuogopa mstari wa kwenye takwimu. Kila mwenye chaneli anao: unaanzia juu kushoto, unashuka kadiri watu wanavyoondoka. Mteja anaufungua asubuhi kabla ya chai. Panaposhuka anaweka kidole: "Hapa umefanya nini?" Na mimi, miaka kumi na moja ya kazi, nimeshajifunza kumjibu kabla hajauliza. Nakata pumzi. Nakata "eeh". Nakata mtu akifikiri.

Mwaka jana tulirekodi mzee mmoja Bagamoyo, fundi wa majahazi. Niliuliza kupitia kwa mpiga picha: babu, jahazi la mwisho ulilounda lako mwenyewe liko wapi? Mzee akashika ubao aliokuwa akiuranda, akapangusa vumbi la mbao kwa kiganja, akatazama maji. Sekunde saba. Ndipo akajibu, "Liliuzwa." Niliziondoa zile sekunde saba. Swali, chap, "Liliuzwa." Mstari ulikaa vizuri pale, haukushuka hata kidogo. Ndiyo, ni ile ile ya Iddi, ya laki tatu.

Na hapa sina jibu la kitabuni. Labda zingebaki, watu elfu arobaini wangeondoka na wasingelisikia jibu la mzee kabisa. Labda elfu arobaini hao hawakuwa wa kumsikiliza tangu mwanzo. Nimeifungua faili mbichi mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, na kuna siku naona saba zilikuwa nyingi, zingetosha nne. Siku nyingine naona hata saba zilikuwa chache. Tom Scott alitoa video kila wiki kwa miaka kumi, akaacha tarehe 1 Januari 2024. Video ile ya kuaga nimeiweka nafasi ya nne, ingawa mwaka ulikuwa na masaa machache tu. Mtu aliyejua kusimamisha.

Nafasi ya tano ningempa Abel Mutua wa Nairobi kila mwaka bila kufikiri, kwa sababu anakaa kwenye kiti na kusimulia, na akinyamaza unajua kitu kinakuja. Hawa wanaonyamaza wote nawaonea wivu, mmeshaona.

Nimeandika hadi hapa simu ikaita. Mteja wangu. Ana furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu: Shorts zake zimepanda karibu mara mbili tangu Aprili hii ianze, hajui amefanya nini, anadhani ni ule mtindo mpya wa maandishi niliomwekea, anataka tuuendeleze. Nikamwambia hongera, bosi. Nikamuuliza kuhusu ankara ya Februari. Akanyamaza, na safari hii nilihesabu: sekunde tisa, hadi simu ikakatika.