Je, wajua kwa nini mayai ya chura huharibika kwenye bwawa la bustani?

Mvua za masika zikianza Nairobi, vyura hupiga kelele usiku kucha kwenye mabwawa ya bustani, iwe Karen au Loresho. Asubuhi unakuta ute wenye mayai meusi umejinyonganyonga kwenye mimea ya majini. Wiki inapita, kiluwiluwi haonekani hata mmoja, na mayai yamekuwa meupe, yameota manyoya kama pamba.

Wengi huulaumu ukungu huo. Kwa kawaida ukungu huanza na yai lililokwisha kufa, kisha ndipo unapovamia majirani walio hai. Tujiulize basi, yai la kwanza lilikufa kwa nini?

Huenda halikurutubishwa kabisa. Chura dume hupanda mgongoni mwa jike na kumkumbatia kwa nguvu. Jike anapotoa mayai, dume naye humwaga mbegu papo hapo majini. Ute hufyonza maji na kuvimba upesi, na mbegu ikichelewa haipenyi tena. Madume wakisukumana kumgombania jike, mayai mengi hukosa mbegu.

Hili unaweza kulichungulia mwenyewe, na kwangu ndilo jambo la kupendeza kuliko yote. Yai lina upande mweusi na upande mweupe. Likirutubishwa, hujigeuza ndani ya ute wake hadi weusi ukaelekea juu. Ukikuta mayai yaliyotagwa tangu jana yameelekea huku na huku, mengine meupe juu, hayo usiyatarajie. Weusi huo pia hulikinga yai na miale mikali ya jua, na Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, jua lake si la mchezo. Bwawa lisilo na kivuli ni hatari.

Kisha kuna maji ya bomba. Klorini inayotufaa sisi hudhuru mayai na viluwiluwi. Jazia bwawa maji ya mvua, au yaache ya bomba kwenye pipa wazi siku mbili hivi.

Uingereza, barafu ya usiku huua mayai yaliyo juu ya maji. Hapa kwetu baridi ya Julai huyachelewesha tu. Samaki, lakini, huyala bila huruma.

Mayai meupe yaopoe mapema kwa kijiko. Yaliyo mazima usiyahamishie bwawa la jirani, kwa kuwa maji unayoyabeba nayo yanaweza kuwa na kuvu wa kitridi, ugonjwa wa ngozi ya vyura, anayeua vyura wakubwa pia.