Majeruhi wa bodaboda na mafunzo kutoka vitani: maswali na majibu

Nani alianza kuwatoa majeruhi vitani mapema?

Zamani aliyeumia alilala pale pale mpaka mapigano yaishe, na wengi walikufa wakisubiri. Miaka ya 1790 daktari wa upasuaji wa jeshi la Ufaransa, Dominique Jean Larrey, alibuni magari mepesi ya farasi ya kuwafuata majeruhi vita ikiendelea. Aliyeumia vibaya zaidi alihudumiwa kwanza, awe ofisa au askari wa kawaida. Chumba cha dharura cha leo kinafuata utaratibu huo huo.

Na helikopta?

Katika vita ya Korea, 1950 hadi 1953, machela zilifungwa nje ya helikopta ndogo. Majeruhi alifika haraka, lakini njiani hakuna aliyeweza kumgusa.

Mwaka 1962 kikosi cha 57 cha helikopta za wagonjwa cha Marekani kiliingia Vietnam na helikopta kubwa zaidi. Sasa machela zilikaa ndani, na mhudumu wa afya aliendelea kuzuia damu huku wakiruka. Redioni walijulikana kwa jina la Dustoff. Kamanda wao, Meja Charles Kelly, aliuawa tarehe 1 Julai 1964. Alikuwa ameambiwa aondoke kwa sababu ya risasi, akajibu kwamba ataondoka akishawapata majeruhi.

Kwangu mimi, kasi ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni yule mhudumu aliyekuwa na mikono juu ya kidonda.

Sisi wa Mwanza yanatuhusu nini?

Sana. Kwa miaka mingi gari la wagonjwa kutoka Sengerema kwenda hospitali ya Bugando lilisubiri pantoni pale Busisi. Tangu Juni 2025 kuna daraja, jambo la kushukuru kweli. Lakini kutoka visiwa vya Ukerewe na Ukara bado ni kuvuka maji, na mshipa mkubwa ukikatika mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache. Hakuna gari linalowahi hapo. Anayewahi ni wewe uliyesimama karibu.

Damu ikiruka nifanye nini?

Vaa glavu, au mfuko wa plastiki mkononi. Weka kitambaa safi juu ya kidonda, kandamiza kwa nguvu, na usifunue kila mara kuchungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake.

Kama ni mkono au mguu na damu haikatiki, chukua kitambaa kipana, kama vidole vitatu hivi. Kifunge kati ya kidonda na moyo, si kwenye kidonda chenyewe, wala usikifunge kwenye kiungo. Pitisha kijiti imara kwenye fundo, kizungushe mpaka damu ikome, kisha kifunge kisirudi. Itauma sana, usilegeze. Andika saa uliyofunga, hata kwa kalamu kwenye paji la uso.

Udongo, majani na mafuta ya taa havitakiwi kidondoni.

Majeruhi tumpakie mshikaki, katikati yetu kwenye bodaboda, tumuwahishe?

Akilalamika shingo au mgongo, au hasikii miguu, hapana. Msimkunje. Mlazeni kwenye ubao au mlango, kichwa na mwili vikienda pamoja.

Na mjamzito anayetoka damu usiku?

Piga 115, namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, bila malipo. Taja kijiji, kituo cha afya kilicho karibu na hali yake. Pasipo na gari la wagonjwa, hupangiwa dereva wa jamii aliyesajiliwa.