Gazeti lilisomwa lini Makambako?

Kila mwaka mpya wa masomo unapoanza hapa Iringa, wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza huniuliza swali lilelile: mtu anafikaje kuwa mwalimu wa historia ya vyombo vya habari, na kwa nini aliyekwisha kuzoea chumba cha habari aende kujifungia na magazeti yaliyogeuka rangi? Darasani huwa najibu nusunusu kwa sababu kipindi ni kifupi. Hapa nitajibu kwa kituo.

Ngazi zenyewe hazina siri. Mwenye shahada ya kwanza huanza akiwa mkufunzi msaidizi, akipata umahiri huwa mhadhiri msaidizi, na akimaliza uzamivu ndipo huitwa mhadhiri. Kutoka hapo kwenda mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na hatimaye profesa, kinachompandisha zaidi ni machapisho. Matangazo ya ajira ya vyuo vikuu vya umma kwa kawaida hutaka wastani wa ufaulu (GPA) usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika umahiri, sharti ambalo huwaacha nje waandishi wakongwe wenye mambo mengi ya kufundisha. Mimi naliona ni hasara. Chuo cha Uandishi wa Habari ambacho serikali ilikianzisha mwaka 1975 kilikuwa cha kufundisha kazi, na kilipoingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003, ufundi huo ulianza kupimwa kwa mizani ya kitaaluma, pamoja na faida na hasara zake.

Kabla ya chuo nilikuwa mwandishi wa mkoani, Mbeya, nikilipwa kwa habari iliyotoka. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na gazeti lilikuja na basi. Wanunuzi walikuwa wakilisubiri stendi kama wanavyosubiri mzigo, na mara nyingi habari niliyoituma mimi mwenyewe niliisoma baada ya watu wa Kariakoo kuwa wamekwisha kuifungia maandazi. Wakati huo niliona ni kero tu. Miaka kadhaa baadaye, nikitafuta mada ya uzamivu, nilitambua kwamba kero ile ndiyo iliyokuwa mada.

Historia tunayofundisha kwa kawaida ni historia ya wachapaji na wamiliki. Huanza na magazeti ya misheni, ikaenda kwenye *Kiongozi* la Tanga la wakati wa Wajerumani, ikafika *Mambo Leo* ambalo serikali ya Waingereza ililianzisha Dar es Salaam mwaka 1923 na kuliuza kwa senti 10, kisha *Kwetu* la Erica Fiah la mwaka 1937, *Sauti ya TANU* la mwaka 1957, na kutaifishwa kwa *The Standard* mwaka 1970. Yote hayo ni kweli na lazima yafundishwe. Lakini ukiyatia kwenye ramani, alama zinarundikana pwani, na Nyanda za Juu Kusini zinabaki karibu nyeupe, utadhani huku watu hawakusoma wala hawakusikiliza. Dai langu, ambalo nimelijengea kazi yangu yote, ni kwamba weupe huo umetokana na swali letu: tumeuliza gazeti lilichapwa wapi, hatukuuliza lilisomwa wapi, lini, na na nani.

Redio inaonyesha jambo hilo waziwazi zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilirushwa kutoka Dar es Salaam, lakini kazi yake ilifanyika vijijini, katika vikundi vilivyokaa kuzunguka redio moja, vikasikiliza, vikasoma kitabu, vikajadili, kisha vikaenda kuchimba vyoo. Wanaotajwa kushiriki ni watu wapatao milioni 2. Anayesoma miswada ya vipindi peke yake anapata nusu ya historia hiyo.

Ushahidi wa wasomaji ni mgumu kupatikana, kwa kuwa gazeti lililosomwa sana ndilo huchakaa upesi, na mengi yaliishia kubandikwa ukutani kuzuia baridi. Bahati yangu ilikuwa Makambako, kwa mwalimu mkuu mstaafu aliyenikaribisha kwa "Kamwene, mwanangu" na kunishushia kutoka juu ya kabati bunda la gazeti la *Uhuru* la miaka ya 1970 lililofungwa kwa kamba ya katani. Juu ya kila nakala, kwa penseli, aliandika "limefika" na tarehe, ambayo mara nyingi ilikuwa siku kadhaa nyuma ya ile iliyochapwa. Ubavuni aliorodhesha waazimaji. Nakala moja ilikuwa na majina tisa, na jina la mwisho limepigiwa mstari: aliyelirudisha bila ukurasa wa michezo.

"Mwalimu, majina haya yalikuwa ya nini?" nilimuuliza.

"Lisiporudi, nijue mlango wa kugonga."

Katika hifadhi za Dar es Salaam nakala za gazeti hilohilo ni safi, hazina hata alama moja ya penseli.

Makala niliyoiandika ilikataliwa mara ya kwanza. Mtathmini wa jarida alisema bunda la mtu mmoja halitoshi kusemea mkoa, na alikuwa na haki. Ilinibidi nizunguke Mafinga, Njombe na Tukuyu kutafuta mengine, na nilipata machache sana. Lililoniudhi ni jingine: vyanzo vyangu vyote ni vya Kiswahili, wenye kumbukumbu ni Waswahili kwa lugha, lakini majarida yenye uzito katika fani yangu ni ya Kiingereza. Ilipotoka hatimaye, nilimpelekea mwalimu nakala. Aliifunua taratibu, akaniuliza, "Na hii, mwanangu, nani atakuja kuiazima?" Kisha akaomba penseli, akaandika "imefika" na tarehe ya siku ile.

Sasa ninaiandika upya kwa Kiswahili, ingawa nimekwisha kuambiwa kwamba kwenye fomu ya kupandishwa cheo haitahesabiwa kuwa chapisho jipya.