Jaji Warioba alimfunga nani?

Wateja wangu hapa Ngamiani, Tanga, huniuliza hivyo kila Jaji Joseph Sinde Warioba anapotajwa kwenye habari za rushwa. Kwa ripoti yake ya rushwa, hakumfunga mtu. Hakupewa rungu hilo.

Mzee huyu, mzaliwa wa Bunda mwaka 1940, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Waziri wa Sheria, kisha Waziri Mkuu wa Tanzania kuanzia 1985 hadi 1990. Ujaji ulikuja baadaye, tena kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, ambako hapandishwi mla rushwa kizimbani. Jina lake kwenye vita hii limetokana na tume ya kuchunguza rushwa aliyokabidhiwa na Rais Mkapa mwaka 1996. Tume huhoji watu, huandika, hukabidhi. Basi. Kukamata na kushitaki ni kazi ya vyombo vingine.

Ukali wake umo kwenye maandishi. Ripoti ilitaja bila kupepesa polisi, kodi, ardhi na mahakama zenyewe, ikashuka mpaka kwa makarani wanaoficha majalada. Hilo sisi mawakili tunalijua. Unasimama dirishani masjala, karani anapekua rafu moja bila haraka: "Wakili, faili halionekani." Ukitoa ya soda, linaonekana. Siku hizi mashauri yanasajiliwa kwa mtandao, na dirisha lile limebana, kufungwa bado.

Ripoti ilitenganisha anayepokea kwa kuwa mshahara hautoshi na anayepokea kwa tamaa ya kujilimbikizia mali. Kwa kutafuta chanzo, ni sawa. Ila wengi waliigeuza kinga, eti rushwa ile ya kwanza ni ndogo. Mwulize mahabusu ambaye jalada lake limefichwa kama ni ndogo.

Halafu tazama kilichofuata. Mwaka 2000 Bunge lilibadili sheria ya uchaguzi, likaruhusu takrima: mgombea anakirimu wapiga kura, na hiyo haihesabiwi rushwa. Huku pwani, ubwabwa na kanga wakati wa kampeni havihitaji maelezo. Ripoti ilikuwapo, imeshasomwa, na haikuzuia kitu. Kilichoiondoa takrima mwaka 2006 ni hukumu ya Mahakama Kuu, iliyotamka kwamba vifungu vile vinavunja Katiba, na waliofungua shauri hilo walikuwa asasi za kiraia.