R.K. Nagar haikuwa ngome ya mtu

Kila muhula tukifika kwenye chaguzi za India, lazima atokee mwanafunzi wa kuniambia kwamba R.K. Nagar, lile jimbo la kaskazini mwa Chennai, ilikuwa ngome ya Jayalalithaa, aliyekuwa Waziri Kiongozi (mkuu wa serikali) wa mkoa wa Tamil Nadu, na chama chake cha AIADMK. Ushahidi ni uleule siku zote: uchaguzi mdogo wa Juni 2015, kura 160,432 za Jayalalithaa kwa 9,710 za aliyemfuata. Nimechoka kulijibu hili darasani, acha niliandike.

Mwaka huo wa 2015 ndio unaopoteza watu. Septemba 2014 Jayalalithaa alitiwa hatiani katika kesi ya mali zisizolingana na kipato, akavuliwa ubunge wa Srirangam na uwaziri kiongozi kwa pamoja. Mei 2015 Mahakama Kuu ya Karnataka ikamwachia huru, akaapishwa tena kuwa Waziri Kiongozi wa Tamil Nadu. Katiba ya India inampa waziri asiye mbunge miezi sita awe amepata kiti, kwa hiyo P. Vetrivel, mbunge wa AIADMK wa R.K. Nagar, akajiuzulu kumpisha. DMK, wapinzani wao wa miaka nenda rudi, hawakusimamisha mtu. Vyama vingine vikubwa vikakaa pembeni. Aliyebaki wa maana ni C. Mahendran wa chama cha kikomunisti cha CPI, na kundi la wagombea binafsi. Sasa hapo umepima nini? Timu ya pili haikufika uwanjani, wewe unahesabu mabao!

Mei 2016 DMK wakarudi. Jayalalithaa alipata 97,218, Shimla Muthuchozhan wa DMK akapata 57,673. Pengo la 150,722 lilishuka hadi 39,545 ndani ya mwaka mmoja, mgombea yuleyule, wapiga kura walewale wa mitaa ya Tondiarpet na Korukkupet. Ulikuwa ushindi mzuri, sikatai. Ila mahali ambapo mpinzani anaokota kura elfu hamsini na saba mbele ya Waziri Kiongozi aliye madarakani, mimi sipaiti ngome.

Halafu watu huanza kuhesabu mwaka 2001, AIADMK walipoanza kushinda mfululizo, na kusahau yaliyotangulia. Jimbo lilipiga kura mara ya kwanza mwaka 1977, likaenda AIADMK. Mwaka 1980 na 1984 likachukuliwa na chama cha Congress. Mwaka 1989 likaenda kwa S.P. Sarguna Pandian wa DMK, 1991 kwa E. Madhusudhanan wa AIADMK, kisha 1996 Sarguna Pandian akalirudisha. Hata P.K. Sekar Babu, aliyeshinda kwa tiketi ya AIADMK mwaka 2001 na 2006, baadaye alihamia DMK. Ushauri wangu ni uleule, na wanafunzi wameshauchoka: soma karatasi ya matokeo kuanzia chini kwenda juu. Tazama kwanza nani hakusimama na nani kapoteza dhamana (fedha anayoweka mgombea, hupotea akipata kura chache mno), mshindi atakusubiri.

Fanya hivyo kwa uchaguzi mdogo wa Desemba 2017, ulioitishwa baada ya Jayalalithaa kufariki Desemba 5, 2016. T.T.V. Dhinakaran, mgombea binafsi baada ya kutupwa nje ya AIADMK, alipata 89,013. Madhusudhanan, huyohuyo wa 1991, akapata 48,306. DMK wakaambulia 24,651, chini ya moja ya sita ya kura halali, dhamana ikaenda. Jibu la haraka ninaloletewa ni kwamba pesa ilinunua jimbo. Sisemi pesa haikuwepo: Tume ya Uchaguzi ilikuwa imeshaifuta kura iliyopangwa Aprili 12 mwaka huohuo kwa sababu ya ugawaji wa fedha, na Desemba tuhuma zilirudi, Dhinakaran akazikana. Lakini DMK walipungukiwa na kura 33,000 kulinganisha na 2016, na wapiga kura wao hawakuhama mji. Kwa maoni yangu wengi waliangalia nani ana uwezo wa kuiangusha serikali ya AIADMK, wakamkopesha kura. Mwaka 2021 mkopo ulirudi: J.J. Ebenezer wa DMK akalichukua jimbo. Dhinakaran hakuwa hata kwenye orodha ya R.K. Nagar. Alikwenda kugombea Kovilpatti, akashindwa, na chama alichokiunda mwaka 2018, AMMK, hakikupata kiti hata kimoja. Kwa hiyo wale wanaotabiri uchaguzi mkuu kwa kutazama uchaguzi mdogo nao watulie.

Eti watu wa kule wanapigia alama, hawapigii mtu? Desemba 2017 alama ya Majani Mawili ya AIADMK ilikuwa kwa Madhusudhanan. Dhinakaran alipewa sufuria ya presha. Wagombea walikuwa 59, na kifaa kimoja cha kupigia kura kina vitufe 16, kwa hiyo mpiga kura alikuta vifaa vinne vimepangwa mbele yake, akaitafuta sufuria humo mpaka akaipata. Alama humsaidia mtu kumwona aliyekwisha kumchagua. Basi.

R.K. Nagar haipeleki mtu Delhi, inapeleka mbunge kwenye Bunge la Tamil Nadu. Kwa Bunge la taifa imo ndani ya jimbo kubwa la Chennai Kaskazini. Tafadhali msichanganye matokeo ya hizo mbili kwenye jedwali moja.

Na kile kitufe cha "hakuna kati ya hawa", kilichoanza mwaka 2013: Desemba 2017 kilipata 2,373, mgombea wa BJP, chama kilichokuwa kikiitawala India, akapata 1,417. Watu hucheka, kisha huniuliza kama kingeongoza uchaguzi ungerudiwa. Usingerudiwa. Mgombea mwenye kura nyingi kuliko wenzake ndiye angekwenda bungeni, hata kama kitufe kimemshinda.