Poka kwa aliyezoea turufu

Barazani hapa Lamu, anayekaa poka kwa mara ya kwanza huponzwa na turufu. Katika turufu, ule mchezo wa kusaka 61 kati ya pointi 120, seti, yaani saba, iko chini ya ree tu, na ghulamu humla bibi. Huku saba ni saba tu: ree, basha, bibi, ghulamu, kumi, hivyo hadi mbili. Kopa, uru, shupaza na pau hazizidiani.

Naeleza Texas Hold'em, aina moja ya poka. Wawili walio kushoto kwa mgawaji hutia madau ya lazima, tuseme 1 na 2. Kila mtu hupewa karata 2 za siri, watu hutia dau, zinafunuliwa 3 mezani, kisha 1, kisha 1, na dau kila zinapofunuliwa. Mkono wako ni karata 5 bora kati ya hizo 7. Kutoka chini: karata kubwa, jozi, jozi mbili, tatu sawa, mfululizo (tano zinazofuatana), tano za kopa tupu (au pau tupu, na kadhalika), tatu sawa na jozi, nne sawa, mfululizo wa kopa tupu.

Turufu unacheza ulichogawiwa mpaka mwisho. Poka unaruhusiwa kutupa, na mimi naona hapo ndipo mchezo ulipo. Ghulamu na kumi za shupaza, ukiwa wa kwanza kusema katika meza ya watu 9, tupa. Ukiwa wa mwisho na wenzako wametupa, ongeza dau.

Sasa hesabu. Unasaka tano za kopa: una kopa 2, na mezani katika zile 3 kuna kopa 2. Zimebaki kopa 9 katika karata 47 usizoziona, yaani karibu 19% kwa karata ijayo. Mezani pana 100, dau la mwenzio likiwa ndani, nawe wadaiwa 20: unalipa 20 katika 120, chini ya 17%, nayo ni ndogo kuliko ile 19%. Fuata. Ukidaiwa 50, ni theluthi nzima, tupa. Wengi hujitetea kwa ile 35% ya karata mbili zijazo, wakisahau kwamba kabla ya ile ya pili watadaiwa tena.

Kete za bao msizitumie kama pesa. Komwe 64 kwa watu wanne ni 16 kila mmoja, madau 8 tu ya lile la lazima la 2, na baada ya kuongezeana mara mbili mtu keshaweka zote. Maharagwe 200 kwa kila mchezaji yanatosha, tena hayaitwi kamari.