Kwa nini Xbox ilipitisha 2022 bila gemu kubwa yake

Katika vibanda vya gemu vya Sinza na Manzese mashine inayotawala ni PlayStation, na kinachochezwa kutwa ni mpira wa miguu, kwa hiyo vijana wanaosubiri zamu hawana haja ya kujua gemu fulani imetoka studio gani. Mimi ninayeandika programu za gemu hapa Dar es Salaam nina haja hiyo, kwa sababu ndiyo inayoeleza namna Microsoft, mtengenezaji wa mashine ya Xbox, pamoja na fedha zake zote, ilivyoupitisha mwaka 2022 bila gemu kubwa ya studio zake yenyewe, ukiacha kazi ndogo na nzuri kama Pentiment.

Kosa halikufanyika mwaka huo. Gemu kubwa huchukua miaka minne, mitano, pengine zaidi, na Microsoft ilikuwa imeifunga studio yake ya Lionhead mwaka 2016, kisha Januari 2017 ikaifuta gemu ya Scalebound iliyokuwa ikitengenezwa na studio ya PlatinumGames. Ilipoanza kununua studio kwa wingi mwaka 2018, zikiwemo Ninja Theory, Playground Games na Obsidian, wengi tulidhani pengo limezibwa. Lakini studio inayonunuliwa huja na mikataba yake: ZeniMax, kampuni inayomiliki kampuni ya gemu ya Bethesda, ilinunuliwa kwa dola bilioni 7.5, ununuzi ukakamilika Machi 2021, na bado Ghostwire: Tokyo, gemu ya studio mojawapo ya ZeniMax, ilitoka Machi 2022 kwenye PlayStation 5 na kompyuta, kutokana na makubaliano ya awali na Sony, mwenye PlayStation. Wenye Xbox waliipata Aprili 2023.

Jambo la pili haliandikwi sana, nalo ndilo linalotuumiza hata sisi wenye timu za watu wachache. Gemu mpya huanzishwa na kikosi kidogo kinachojaribu mawazo, huku wengi wakimalizia gemu iliyotangulia. Hiyo iliyotangulia ikichelewa, watu hawaachiliwi, na ile inayofuata hubaki ikingoja wachoraji na waandishi wa programu ambao bado wanarekebisha makosa ya jana. Halo Infinite, gemu ya Microsoft yenyewe, ilikusudiwa kutoka pamoja na mashine mpya za Xbox Novemba 2020, ikatoka Desemba 2021. Microsoft pia huwawekea wafanyakazi wengi wa mkataba ukomo wa miezi 18, na mtu aliyekwisha kuzizoea zana za studio anapoondoka, anayempokea huanza kujifunza upya. Kwa maoni yangu huo ni ubahili wa gharama kubwa.

Starfield na Redfall, gemu za studio za Bethesda zilizotarajiwa kuuokoa mwaka 2022, zilisogezwa hadi 2023 kwa tangazo moja la Mei. Redfall ilipotoka ilipokelewa vibaya, na mwaka uliofuata studio yake, Arkane Austin, ikafungwa.

Nintendo iliwahi kubanwa vivyo hivyo wakati wa mashine yake ya Wii U, ilipokuwa ikitengenezea gemu mashine mbili kwa mpigo, hiyo ya nyumbani na 3DS ya mkononi, huku ikijifunza kutengeneza picha za kiwango cha juu. Iliunganisha idara zake za utengenezaji mwaka 2015, na mashine mpya ya Switch ilipotoka Machi 2017, nguvu kubwa ikaelekezwa kwenye mashine moja. Microsoft, kwa upande wake, Julai 2025 iliifuta gemu ya Perfect Dark, iliyotangazwa tangu 2020, na kuifunga studio ya The Initiative iliyokuwa ikiitengeneza.